Dar–Mwanza na kurudi: siku moja ya fundi wa vyumba baridi

Saa 9:45 usiku. Simu inalia. Ndege ni saa 12 kamili asubuhi na mimi nakaa Tegeta. Kwa saa hizi teksi inateleza tu, Mwenge, Ubungo, Tazara, mpaka uwanja wa Julius Nyerere. Ingekuwa mchana tungezungumza mengine.

Saa 10:50. Kaunta. Begi la spana na geji linapimwa na kwenda kwenye mizigo, maana spana huingii nazo kwa abiria. Mtungi wa gesi ya friji nimeuacha ofisini, nitanunua mwingine huko huko.

Saa 12:15 asubuhi. Tumepaa. Mzee wa dirishani, baada ya shikamoo na marahaba, anauliza: "Kijana, hivi kwa huku juu Mwanza ni kilomita ngapi?"

Kama 850, mzee, mstari ukinyooka; nusu ya njia unakuwa jirani na Kondoa. Anacheka. Yeye ni mtu wa basi: Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga, zaidi ya kilomita 1,100.

"Sasa jeti si inakimbia kilomita 800 kwa saa? Mbona tiketi inasema saa moja na nusu?"

Mzee yuko vizuri. Kasi hiyo ni ya ndege ikishatulia juu. Kuna kujikokota hadi njia ya kurukia, kupanda, kushuka, tena kujikokota, na tiketi inahesabu yote hayo, tangu iondoke kwenye maegesho mpaka isimame. Ukipangiwa pangaboi, yaani ndege ya propela, yenye kasi ya kilomita 600 na kitu, weka karibu masaa mawili.

Saa 1:40. Mwanza. Mawe, ziwa, na kaubaridi, kwa sababu hapa ni zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Begi linachelewa kutoka.

Saa 3. Kiwanda cha samaki. "Mwangaluka!" wananisalimia kwa Kisukuma. Chumba cha minofu ya sangara kinasoma nyuzi 9, wakati kinatakiwa kuwa jirani na sifuri. Kondensa, sehemu inayotoa joto nje, imeziba vumbi, hilo naliona kwa macho. Lakini gesi nayo imepungua. Natafuta inakovujia: napaka povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba, moja baada ya jingine, mpaka nati ya nyuma ya kompresa inaanza kutoa mapovu madogo madogo. Ndiyo hiyo. Kukata, kutanua bomba upya, kuvuta hewa itoke bombani, kujaza gesi: saa 9 alasiri inanikuta nimechuchumaa palepale.

Saa 12:35 jioni. Ndege ya kurudi imesogezwa mbele hadi saa 2 usiku. Mama watoto anapiga: "Huku tumeshaswali magharibi, uko wapi?" Mimi jua naliona bado juu ya ziwa. Saa zetu ni zilezile, ila Mwanza iko magharibi zaidi, jua linachelewa kuzama kwa kama dakika 25.

Saa 4:30 usiku. Ndani ya teksi najaza fomu ya safari. Kwenye "muda wa safari" ofisi imeshanijazia: saa moja na nusu mara mbili, kwenda na kurudi. Nafuta, naandika saa 9:45 usiku hadi saa 5 usiku. Posho ya kulala hawatoi kwa anayerudi siku hiyohiyo. Mhasibu kesho lazima apige simu, na nitapokea.