Steti wakiwa ndani, kila taa hujibiwa

Wakaguzi wa jimbo, ambao sisi kazini tunawaita Steti, wameondoka leo Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Nimefika nyumbani, nimevua viatu, chai iko mezani, na kabla sijalala nataka niandike, maana wiki hii imenikaa moyoni.

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa Tanga. Nafanya kazi ya CNA, msaidizi wa wauguzi, katika nyumba moja ya wazee hapa Minnesota. Kazi yenyewe ni kuwaamsha wazee, kuwaogesha, kuwabadilisha nepi, kuwalisha, na kuwageuza wale wasioweza kujigeuza wenyewe ili wasipate vidonda vya kulalia. Wengi wetu tunaoifanya hapa kwetu ni Waafrika, na katika ghorofa yetu Kiswahili kinasikika siku nzima. Ndiyo maana habari ya wakaguzi ilinifikia kwa Kiswahili kabla haijanifikia kwa Kiingereza. Jumatatu asubuhi dada mmoja wa Bukavu alinipita kwenye korido akisukuma kigari cha mashuka, akasema bila kusimama, "Dada, Steti wako mapokezi."

Haikupita muda nyumba ikawa nyingine. Watu wa ofisini tunaowaona kwa nadra huku juu walikuja kwenye vyumba wakiwa wamevaa glavu. Mkurugenzi wa uuguzi mwenyewe alikuwa anasukuma kiti cha magurudumu. Vigari vya dawa vilifungwa kwa ufunguo, vitanda vikashushwa hadi mwisho, maji yakasogezwa karibu na mkono wa mzee, mifuko ya mkojo ikafunikwa. Wakaletwa wasaidizi wawili wa ziada kwa ajili ya chakula cha asubuhi. Na taa zilizo juu ya milango, zile zinazowaka mzee akibonyeza kengele, zilikuwa zinazimwa karibu mara tu zinapowaka.

Kuna bibi mmoja ninayemhudumia. Jina lake silitaji. Siri ya mgonjwa ni sheria, na kwangu mimi ni heshima pia. Mwili umemchoka lakini akili yake iko palepale. Aliwatazama watu wakipita mbele ya mlango wake, akaniuliza nani anakuja leo. Nikamwambia ni wakaguzi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Waombe wakae."

Nimelibeba neno hilo wiki nzima.

Ukaguzi huu hautangazwi, na haitakiwi utangazwe. Nyumba yoyote ya wazee inayopokea fedha za Medicare au Medicaid, yaani bima za afya za serikali, lazima ikaguliwe na idara ya jimbo lake kwa niaba ya serikali kuu, na kati ya ukaguzi mmoja na mwingine isipite zaidi ya miezi 15. Anayevujisha tarehe anaweza kutozwa faini. Angalau ukaguzi mmoja katika kila kumi unatakiwa uanze wakati ambao ofisi zimefungwa: wikiendi, alfajiri au jioni. Haya yote yanatokana na sheria aliyoitia saini Rais Reagan Desemba 1987, mwaka mmoja baada ya ripoti ya Institute of Medicine, taasisi ya wataalamu wa afya, kueleza hali mbaya ya wazee katika nyumba hizi. Wapo waliokuwa wanafungwa kwenye viti, wapo waliokuwa wanatulizwa kwa dawa ili wasisumbue. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyoagiza kwamba mtu wa kazi kama yangu asomeshwe angalau saa 75 ndipo athibitishwe kwa kazi hii ya kushika mwili wa mtu. Nikiikumbuka historia hiyo, siwezi kuwaona wakaguzi kama maadui, hata wanaponitoa jasho.

Na jasho linatoka kweli. Mkaguzi anakaa kwenye kona ya chumba cha kulia na kompyuta yake mapajani, hasemi neno, anakutazama tu. Je, unamlisha mzee ukiwa umeketi naye, au umemsimamia juu ya kichwa? Unamwita kwa jina lake? Umenawa mikono kabla ya kumwendea wa pili? Unapoingia chumbani, unabisha hodi na kungoja? Hili la hodi linanifurahisha, kwa sababu nimelelewa nalo. Nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu, hata ikiwa ni kitanda kimoja na pazia.

Anayeteseka zaidi ni muuguzi wa dawa. Mkaguzi anamfuata mlango kwa mlango, na kikosi chao kinatakiwa kushuhudia angalau dawa 25 zikitolewa. Makosa yakifika asilimia 5, nyumba imekosa. Ukipiga hesabu utaona kwamba katika dawa 25 kosa moja linavumilika, la pili halivumiliki. Muuguzi wetu, mama wa Kisii ambaye amefanya kazi hii miaka mingi kuliko sisi wote, alisimama kwenye kigari chake akanong'ona sala fupi, kisha akaanza. Nilimwona mikono ikimtetemeka kwenye chupa ya kwanza. Kufika chumba cha tatu ilikuwa imetulia.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikae niandike. Wakaguzi hawatazami tu, wanauliza. Wanakaa faragha na wazee, wanakutana na baraza la wazee, wanatuuliza na sisi wa chini. Na sisi, hasa sisi tuliotoka mbali, tunaogopa. Tunaogopa kupoteza kazi, tunaogopa kuonekana wabaya kwa wakubwa, wengine wanaogopa kwa ajili ya karatasi zao hata zikiwa safi. Ushauri unaopita chumba cha mapumziko ni huu: jibu ulichoulizwa, usiongeze. Kuna wanaokwenda mbali zaidi, wanajificha kwenye stoo ya mashuka mpaka mkaguzi apite.

Mimi niliulizwa Jumanne, karibu na lifti. Mama mmoja mpole aliniuliza asubuhi ya kawaida ninahudumia wazee wangapi, na kama muda unanitosha. Nilimwambia idadi ilivyo. Nilimwambia leo unatosha kwa sababu tumeongezewa watu, na siku nyingine hautoshi, na siku hizo anayengoja zaidi ni yule asiyeweza kupiga kelele. Aliandika, akanishukuru, akaenda zake. Moyo ulinidunda mpaka zamu ikaisha, lakini sijutii.

Ningependa wenzangu wajue kwamba sheria haikutuacha uchi. Tangu 2010, mfanyakazi yeyote wa nyumba hizi akishuku kwamba mzee ametendewa uhalifu, anawajibika yeye mwenyewe kuripoti: ndani ya saa 2 kama kuna jeraha kubwa, ndani ya saa 24 kama hakuna. Na nyumba imekatazwa kumlipizia kisasi aliyeripoti. Najua sheria ni kitu kimoja na ratiba ya wiki ijayo ni kitu kingine. Bado ni bora uijue kuliko kukaa gizani.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wiki hii nimeona wenyeji wakipona. Mzee mmoja aliyezoea kula chakula kilichopoa alikula cha moto kila asubuhi, kwa sababu palikuwa na mtu wa kukaa naye. Bibi yangu alipelekwa chooni kila alipobonyeza kengele, na nepi yake ilikaa kavu. Kwa mtu mzima mwenye akili timamu hilo si jambo dogo. Tulioyatenda hayo ni sisi walewale wa wiki iliyopita; tofauti ni kwamba mikono ilikuwa mingi zaidi. Ndiyo maana inaniuma watu wakisema shida ya nyumba hizi ni wafanyakazi wavivu. Serikali kuu yenyewe iliandika kanuni mwaka 2024 ikitaka kila mzee apate kwa wastani saa 3.48 za huduma ya uuguzi kwa siku, na kati ya hizo saa 2.45 ziwe za wasaidizi kama mimi. Aprili 2025 jaji wa mahakama ya shirikisho kule Texas aliifuta. Wenye nyumba za wazee walisema hawana fedha na watu wa kuajiri hawapatikani, na najua mashambani kuwapata ni kazi kweli. Lakini wiki hii wawili walipatikana ndani ya asubuhi moja.

Matokeo yatakuja kwa maandishi. Kila kosa hupewa herufi kuanzia A hadi L kulingana na uzito wake na limegusa wangapi. J, K na L maana yake wazee wako hatarini hivi sasa. Nyumba hupewa siku 10 kuandika itakavyorekebisha. Ripoti lazima iwekwe mahali ambapo mzee au ndugu yake anaweza kuisoma bila kumwomba mtu. Kwetu iko kwenye faili karibu na mapokezi, na sijawahi kumwona ndugu wa mtu akiifungua. Kama una mama au baba katika nyumba hizi, au unamtafutia mahali, ifungue. Pia ripoti hizi zipo kwenye tovuti ya Medicare, sehemu ya Care Compare. Nyota ambazo kila nyumba hupewa kuonyesha ubora wake zitazame, lakini usiishie hapo. Soma maneno ya mkaguzi mwenyewe, uone kama kosa la mwaka huu ndilo lilelile la mwaka juzi. Halafu nenda kamtembelee mzee wako Jumapili jioni, uhesabu taa zinazowaka kwenye korido.

Ratiba ya kesho nimeshaitazama kwenye simu. Wale wawili wa asubuhi hawamo. Jumanne tuna kikao cha wafanyakazi, na nimeandika swali langu kwenye karatasi ili hofu isinisahaulishe: kwa nini msaada wa chakula cha asubuhi usibaki? Nimemsomea dada wa Bukavu kwenye simu. Amesema nikimaliza kuuliza, yeye atasimama aulize habari ya zamu ya usiku.