Mstari wa sala niliokuwa nauruka

Kwa miaka sita, kila tulipokuwa tukisali Sala ya Bwana na kufika kwenye "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu", nilikuwa nafunga mdomo. Wenzangu wakiendelea, mimi nasubiri hadi "usitutie majaribuni" ndipo najiunga nao tena. Sikutaka kumdanganya Mungu. Nilikuwa na mdeni, na nilikuwa sijamsamehe.

Mdeni mwenyewe ni kaka yangu, tumbo moja. Baba alipofariki alituachia kiwanja, sisi wawili na mama. Kaka akakiuza kimyakimya, fedha zikaishia kwenye biashara iliyokufa. Mimi nilikuja kujua siku jirani aliponiuliza mwenye kiwanja mpya ni nani.

Wapendwa kanisani waliniambia yaliyopita si ndwele. Walikuwa na nia njema, lakini maneno yale yaliniumiza, kana kwamba natakiwa kukiri kuwa hakuna kilichotokea. Kilichonifungua ni Mathayo 18, mfano wa mtumwa aliyesamehewa na bwana wake deni la talanta 10,000 kisha akamkaba koo mwenzake kwa dinari 100. Tangu utotoni nilidhani dinari 100 ni vijisenti. Kumbe dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Dinari 100 ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho! Yesu hakusema deni la yule mwenzake lilikuwa dogo. Lilikuwa deni la kweli, la kumuumiza mtu. Ila talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, kwa hiyo talanta 10,000 ni ujira wa siku milioni 60. Hayupo atakayeishi akalilipa. Nililia siku hiyo, kwanza kwa sababu Bwana wangu alikubali kwamba nimedhulumiwa, halafu kwa sababu niliona mimi mwenyewe nimesimama wapi.

Nikachukua karatasi, nikaandika yote ninayomdai kaka. Kiwanja kilichukua mistari miwili tu. Yaliyobaki yalikuwa machozi ya mama, sikukuu tulizokaa mbalimbali, na ile hali ya kutomwamini mtu yeyote tena. Kila usiku niliomba nikiwa na ile karatasi mkononi. Mwanzoni sala yangu ilikuwa fupi: "Bwana, moyo haujakubali. Nipe japo kutamani kukubali." Iliendelea hivyo kwa miezi.

Kisha nikakutana na neno ambalo sikulitafuta. Mathayo 5 inasema ukileta sadaka madhabahuni ukakumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, uende ukapatane naye kwanza. Yeye ana neno juu yangu? Nilianza kubisha, halafu nikanyamaza. Nilimwita mwizi mbele ya watoto wake. Mkubwa alikuwa na miaka kumi na mmoja, na alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau mpaka leo. Mimi ni shangazi yao, nao sikuwahi kuwaomba radhi.

Nilitaka kuwaita wazee wa ukoo na mchungaji. Lakini Mathayo 18 inasema ndugu akikukosea, mwanzo ni "wewe na yeye peke yenu". Mashahidi ni hatua ya pili. Nikampigia simu, nikaenda peke yangu. Sikuanza na kiwanja. Nilisema, "Kaka, nilikutukana mbele ya wanao. Nimekuja kukuomba msamaha, kisha nataka niwaombe na wao."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Waliacha kukutaja, mdogo wangu. Nilidhani ndivyo ulivyotaka."

Habari ya kiwanja aliileta mwenyewe, siku nyingine, macho yakiwa sakafuni. Alikuwa amezama kwenye madeni, na aibu ndiyo iliyomfanya atukwepe. Aliahidi kulipa. Alilipa kidogo, akakwama. Mimi sehemu yangu nikaifuta, nikamwandikia kabisa, ili tukionana asihisi kuwa namdai. Sehemu ya mama si yangu kuisamehe, hiyo waliongea wao.

Hatujarudi kama zamani, na sioni kama hilo ni upungufu wa imani. Someni Mwanzo 33. Esau alimkimbilia Yakobo, pacha wake aliyekuwa amemnyang'anya baraka, akamkumbatia, wakalia, kisha mmoja akaenda Seiri na mwingine Sukothi. Waliishi mbalimbali, na bado walipatana kweli. Mimi na kaka hatushirikiani tena mambo ya fedha, na tulikubaliana hivyo wazi. Na kwa wale walioumizwa na ndugu wa kupiga au wa kunajisi, nawasihi msimruhusu mtu awarudishe kwenye hatari kwa jina la msamaha. Paulo mwenyewe aliandika "kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote". Upande wa pili haumo mikononi mwetu.

Sura mbili mbele, Mwanzo 35, Isaka anakufa, na imeandikwa kuwa Esau na Yakobo, wanawe, wakamzika. Wawili pamoja. Mstari huo naupitia mara nyingi sasa, kwa kuwa mama amezidiwa. Tunamuuguza kwa zamu. Jana usiku wa manane mlango ulifunguliwa taratibu, kaka akaingia na blanketi yake, akavua viatu ili asimwamshe.

"Nenda kalale, mdogo wangu," alisema. "Mimi nipo."