Tupa kwanza, moto baadaye

Leo nimeshinda na tupa, kile chuma cha kukwangulia chuma, toka asubuhi mpaka adhana ya alasiri na nikikuonyesha kazi niliyofanya utacheka, paipu moja, tena ncha moja tu. Watu wakipita hapa nje wakaona mitungi ya gesi wanadhani kutengeneza fremu ya baiskeli ni moto. Wapi! Moto ni dakika chache. Kazi ni kukata mdomo wa paipu mpaka ikumbatie mwenzake bila mwanya, unazikutanisha unaziinua juani uone mwanga unapenya wapi, unarudi kwa jiliwa, kile kibanio cha mezani, unakwangua kidogo, unainua tena, na mwanga ukipita hata kama ni uzi basi bado.

Paipu zenyewe ni Columbus, za Italia (Malindi hii Waitaliano tunao tele ila wao wametuletea piza, paipu nimeagiza mwenyewe). Ni kromoli (chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu), nyembamba hatari, milimita 0.8 kwenye ncha na 0.5 katikati. Ndio maana fremu inakuwa nyepesi, na ndio maana ile welding ya stima ya mageti na madirisha siisogezi karibu, itatoboa tu. Sisi tunatumia oksijeni, asetilini na vijiti vya brasi. Brasi inayeyuka kwenye digrii 900 hivi, chuma mpaka kipite 1,400, kwa hiyo chuma kinawiva tu chekundu na brasi inapenya pale kwenye kiungo.

Fundi anayenifundisha namwita Ami. Yeye ameunga Black Mamba, zile baiskeli nyeusi nzito za mizigo, za wauza madafu na wachuuzi wa samaki tangu mimi sijazaliwa. Ananiambia, "Mwanangu, brasi usiisukume, utangulize moto, itakuja yenyewe." Na inakuja kweli! Inafuata joto, inazunguka paipu yote. Wallahi siku ile nilimwambia ayarudie maneno hayo.

Wanaoniuliza si ununue tu ya dukani, jamani, mimi miguu mirefu kiwiliwili kifupi, baiskeli nyingi nikipanda naonekana kama nimepanda mbuzi. Hii nimejipima mwili, nikachora fremu saizi yake kamili juu ya ubao, pembe ya mbele, ule mlalo wa paipu inayoshika usukani, nikaiweka digrii 72 maana vichochoro vyetu ni mchanga na mawe, nataka itulie mkononi, na nyuma nimeacha nafasi ya tairi pana.

Kinachoninyima usingizi ni chumvi. Huku kwetu kutu haiombi ruhusa, na fremu inaoza kwa ndani ambako huoni. Nitaimwagia mafuta ya kitani ndani ya kila paipu, niigeuzegeuze mpaka yashike. Ami anasema kwa nini nisipake sifa, yale mafuta ya samaki wanayopaka majahazi, mbao zinadumu miaka. Nikamwambia Ami, nikipita sokoni si nitafuatwa na paka wa mji mzima.

Sasa tunabishana keria. Mimi nataka baiskeli ya mwendo, safi, hadi Gede na kurudi. Yeye anasema baiskeli isiyobeba kitu ni ya kazi gani. Dada naye kajiunga upande wake, ashahesabu magunia ya unga. Wamenishinda, kesho tunaunga vishikio vya keria kabla ya rangi, maana baadaye itabidi niichome rangi yote.