Dhahabu ya Kilwa mjini Lisbon

Mgeni wa Lisbon hupelekwa Belém kwanza, apende asipende. Mwenyeji wangu, mama wa Kimwani kutoka Pemba ya Msumbiji aliyehamia Ureno tangu usichana wake, alinipandisha tramu namba 15 asubuhi mapema ili tuiwahi foleni. Kimwani chake na Kiswahili changu vilipishana hapa na pale, lakini mkalimani hatukumhitaji. Mimi nikamwita mama, yeye akaniita mwanangu, safari ikaanza.

Belém ndiko Vasco da Gama alikong'oa nanga mwaka 1497. Faida ya njia ile ya India ilipoanza kuingia, mfalme Manuel wa Kwanza akajenga hapo monasteri ya Jerónimos, jengo la mawe meupe yaliyochongwa kamba za meli, majani na wanyama mpaka jicho likakosa pa kupumzika. Ukiingia tu kanisani unakutana na makaburi mawili yanayotazamana: la Vasco na la mshairi Camões. Watu walikuwa wakipigana vikumbo wapate picha. Mimi nilisimama nyuma kidogo. Nimezaliwa Kilwa Kivinje, na huyu bwana kwetu hakumbukwi kwa ubaharia wake.

Julai 1502 alitia nanga mbele ya Kilwa Kisiwani akiwa na merikebu za vita, akamwambia mtawala wake, Amiri Ibrahim, achague: alipe kodi kwa mfalme wa Ureno au mji uchomwe. Amiri akalipa. Habari za wakati ule zinataja mithqali 1,500 za dhahabu, na kwa kuwa mithqali moja ni gramu nne na ushei, hiyo ni zaidi ya kilo sita. Mwaka 1505 Wareno walirudi na Francisco de Almeida, safari hii wakauteka mji na kujenga ngome. Hayo tulifundishwa shuleni, tukavushwa kwa mashua kwenda kuyaona magofu. Jambo ambalo hakuna mwalimu aliyetuambia ni kwamba ile dhahabu ya mwaka 1502 bado ipo, na inaonekana kwa macho.

Ndiyo iliyonipeleka Lisbon. Mnara wa Belém niliutazama kwa nje, nikala vile vikeki vya kiini cha yai vinavyouzwa pale tangu 1837 (vitamu, ila sukari yake si ya mchezo), kisha nikamwomba mama turudi mjini. Tulishuka tramu njiani, chini ya jumba la makumbusho la sanaa za kale, tukapanda ngazi ndefu kutoka barabara ya mtoni. Mama alipumzika mara kadhaa huku akiuliza kama nina hakika.

Chombo chenyewe ni monstransi, kile ambacho padri huweka Ekaristi ili waumini waiabudu. Kimo chake ni sentimita 73. Nilikuwa nimekiona katika picha na kudhani ni kitu kizito, cha majivuno. Sivyo. Ni kazi ya mkono mwepesi ajabu: mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka mahali pa hostia, ule mkate wa Ekaristi, kila mmoja na uso wake, wamepakwa rangi za enameli; juu yao ananing'inia njiwa, na nguzo zinazomzunguka ni nyembamba kama njiti za makuti. Aliyekifua ni Gil Vicente. Na chini, kwenye kitako, kuna maandishi yanayosema bila kificho kwamba mfalme Manuel ameamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Quíloa, kikamalizika mwaka 1506. Quíloa ndiyo Kilwa yetu.

Nilitarajia hasira. Ilikuja kidogo, ikapitwa na kitu kingine: nilikuwa nakipenda. Nilikizunguka tena na tena. Wezi wengi huficha jina la mwenye mali. Huyu alilichora kwenye dhahabu yenyewe, akajisifu nalo.

"Mama, hii ni yetu," nilisema.

Akainama, akasoma kibao, akavua miwani. "Yenu? Kilwa kulichimbwa dhahabu lini, mwanangu?"

Alikuwa na hoja. Dhahabu ya Kilwa ilitoka bara, nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala, na masultani wa Kilwa wakatajirika kwa kuishika biashara ile na kuitoza ushuru. Sofala iko Msumbiji.

"Ninyi mlikuwa madalali," mama akaendelea, sasa kwa sauti ya mtu aliyepata kesi. "Mreno kamnyang'anya dalali. Yetu hii."

"Basi na Wazimbabwe?"

"Waje nao, tutagawana."

Kicheko chetu kilimleta mlinzi, mzee mwenye masharubu meupe, akatuomba tusiegemee kioo. Mama akamweleza kwa Kireno kwamba mgeni wake ametoka Quíloa. Mzee akakitazama kibao, akanitazama mimi, akauliza kama mahali hapo bado papo. Alikuwa amekilinda chombo kile miaka mingi akidhani jina lile limebaki kwenye vitabu tu.

Nikamtolea simu. Nikamwonyesha msikiti mkuu wa Kisiwani na kuba zake, mashua za uvuvi, na picha ya shangazi yangu akikaanga samaki barazani. Hiyo ya samaki ndiyo aliyoikodolea macho. Akataka kujua mtu hufikaje huko. Nikasema, mama akitafsiri: ndege hadi Dar es Salaam, basi la kusini hadi Nangurukuru, hapo unakata kushoto kwenda Kilwa Masoko, kisha mashua. Alijaribu kutamka Nangurukuru mara kadhaa, akaomba nimwandikie kwenye karatasi.

Nilipokuwa naandika, mama akaongeza sentensi ndefu ya Kireno ambayo hakuitafsiri, ila nililisikia neno Sofala ndani yake.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba akienda huko ale samaki tu. Dhahabu aje kuiulizia kwetu."