Anza na monita, kadi itafuata

Wengi wanaoniuliza habari za mashine ya gemu, yaani kompyuta ya kuchezea, wanakuja na jina la kadi ya picha (kipande kinachochora gemu kwenye kioo) mdomoni. Gemu lenyewe hawajaamua, monita hawajui ina nukta (pikseli) ngapi, lakini kadi wameshaichagua kwenye video. Mimi naanzia upande wa pili: unacheza nini, na utaangalia kwenye kioo gani?

Nina steshenari Iyunga, Mbeya, jirani na chuo cha MUST. Mbele ni fotokopi na kubaindi tafiti za wanachuo, meza ya nyuma ndiyo ya ufundi. Mtoto wa kaka yangu, anayesoma hapo hapo chuoni, alikuja na laki tisa alizochanga kwa biashara ya parachichi kwao Rungwe. "Shikamoo shangazi," na kabla sijamaliza marahaba simu iko usoni kwangu: RX 6600. Kadi nzuri, ya mwaka 2021, memori gigabaiti 8, sina ugomvi nayo. Ila mashine hana, monita hana. Nikamwambia hiyo ni kufunga injini ya Fuso kwenye Bajaji. Akanuna. Nikampa karatasi aniandikie gemu anazocheza kweli, siyo anazoziota. Zikatoka tatu: GTA V, Counter-Strike 2 na gemu la mpira.

Hapo tukaanza kuongea.

Monita kwanza, kwa sababu ndiyo inayoamua kadi itafanya kazi kiasi gani. Full HD ni nukta 1920 kwa 1080, yaani kama milioni 2.07, na kadi inazichora zote upya kwa kila picha. Zile monita za ofisi za inchi 20 zilizojaa madukani nyingi ni 1600 kwa 900, kama milioni 1.44. Tofauti hiyo ni karibu theluthi moja ya kazi, na kadi ndogo inaihisi. Tena nyingi zinaonesha picha 60 kwa sekunde, basi. Kadi ikitoa 140, zaidi ya nusu hutaziona kamwe. (Wachezaji wa Counter-Strike watanibishia kwamba hata hivyo mausi inakuwa nyepesi. Ni kweli, lakini si kwa laki tisa.) Tukachukua ya mtumba ya inchi 22, Full HD, yenye tundu la DisplayPort. Tundu lisidharauliwe: monita yenye tundu la zamani la VGA peke yake itakudai adapta yenye chipu ndani, maana kadi za siku hizi hazitoi VGA.

Kwa hiyo kazi ikajulikana: picha 60 kwa sekunde kwenye Full HD, kwa gemu tatu. Chochote kinachozidi hapo ni hela ya kitu kingine.

Kwa bajeti hii sishauri kununua vipande vipya kimoja kimoja. Mazabodi (bodi kuu), keisi na pawa saplai (kigawa umeme) ya kuaminika vinakula hela kabla hujagusa kitu kinachochora picha. Kuna njia ya Ryzen 5 5600G, ambayo ina michoro ndani ya prosesa (ubongo wa kompyuta) yenyewe, na ningekuwa na mteja mwenye subira ningempeleka huko, halafu kadi angenunua baadaye. Huyu wangu hana subira. Tukaenda kwenye mtumba wa ofisi: Dell OptiPlex 7040.

Hapa naomba utulie kidogo, kwa sababu hela nyingi za watu hupotelea hapa. OptiPlex 7040 si mashine moja. Kuna ya mnara, kuna ndogo ya kulala, kuna ya mkononi kabisa. Jina moja, picha za tangazo zinafanana, na muuzaji mwingine hata hajui tofauti. Ya mnara ina pawa saplai ya wati 240 na inapokea kadi ya kimo cha kawaida. Ndogo ina wati 180 na inapokea kadi za kimo kifupi tu (low-profile), ambazo huku ni adimu na bei yake ni ya kiburi. Halafu kuna nduguye, 3040, anayefanana naye sura lakini anatumia RAM (memori ya kazi ya mashine) ya aina ya zamani, DDR3L, badala ya DDR4. Ukinunua hiyo kwa kuona bei imeshuka, RAM utakayoongeza leo hutaihamishia kwenye mashine yoyote ya kesho. Mwombe muuzaji picha ya stika ya pawa saplai, siyo picha ya mashine. Akikataa, mwache na mashine yake.

Hizo wati 240 ndizo zilizochagua kadi. Hesabu yake ni ya kawaida tu. Prosesa ni wati 65. Sloti ya kadi kwenye mazabodi inaruhusiwa kutoa hadi wati 75, na pawa saplai hii haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Ukijumlisha SSD (diski ya kuhifadhia), feni na RAM, unabaki na nafasi ya kupumua, lakini si ya kujitanua. RX 6600 inahitaji wati 132 na waya wake yenyewe. Kwa hiyo ndoto ile ilikufa kwenye stika, na shangazi mtu wala hakuwa na mkono hapo.

Kadi inayokaa ndani ya wati 75 bila waya na bado inaweza Full HD ni GTX 1650, ya mwaka 2019, gigabaiti 4. Nayo ina mtego: watengenezaji wengine waliitoa ikiwa na tundu la waya wa pini sita. Ukiona tundu hilo kwenye picha, siyo yako. Mtego wa pili ni RX 6500 XT. Ni mpya zaidi, ya 2022, na kijana akiona mwaka anadhani kampata mjinga. Kwanza inataka waya. Pili, inazungumza na mazabodi kwa njia nne tu za PCIe (barabara ya data kati ya kadi na mazabodi). Kwenye mashine mpya zenye PCIe 4.0 inavumilika. Kwenye mashine ya mwaka 2015 kama hii, yenye PCIe 3.0, kila njia ina nusu ya kasi, na memori yake ya gigabaiti 4 ikijaa inaanza kuvuta data kupitia mlango huo mwembamba. Gemu linakwama kila ukigeuka kona. Upya wa kitu na kufaa kwake kwenye mashine yako ni mambo mawili.

Kuhusu feki, nitasema kwa kifupi kwa sababu yanaudhi. Mtandaoni kuna kadi zinazouzwa kama GTX 1050 Ti ambazo ndani ni chipu za zamani mno zilizobadilishwa jina. Ukiona tundu la bluu la VGA kwenye "1050 Ti", kimbia: chipu za mfululizo huo hazina VGA. Na ukishaichomeka, fungua GPU-Z. Programu hiyo ni ya bure, na ikigundua ulaghai inaandika FAKE mbele ya jina la kadi. Fanya hivyo mbele ya muuzaji, kabla hela haijatoka mfukoni.

Prosesa ndiyo iliyotugombanisha. 7040 nyingi zinakuja na i5-6500: kori nne (vichwa vya kupiga hesabu), nyuzi nne (kazi inazoshika kwa wakati mmoja). Nyingine zina i7-6700: kori nne vilevile, ila nyuzi nane, na wati zilezile 65. Tofauti ya bei ilikuwa kama elfu sabini, na kijana alitaka hizo elfu sabini ziende kwenye hedifoni zenye taa. Nilikataa katakata. Kati ya gemu zake tatu, Counter-Strike 2 ndiyo inayoisumbua prosesa kuliko kadi, na GTA V ukiingia katikati ya mji, magari na watu wote wale wanahesabiwa na prosesa. Nyuzi nne zikijaa, hesabu ya wastani inaweza kusoma picha 70 kwa sekunde huku jicho linaona mikwamo. Huo mkwamo ndio unaomfanya mtu aseme kadi yangu mbovu, aiuze, anunue kubwa zaidi, na mikwamo ibaki palepale.

RAM ilikuwa kijiti kimoja cha gigabaiti 8. Tukaongeza kingine cha 8, tukiweka kwenye sloti ya jozi yake ili vifanye kazi sambamba. Ukiwa na hela ya gigabaiti 16, chukua vijiti viwili vya 8 kuliko kimoja cha 16, na kwa mashine yenye michoro ndani ya prosesa jambo hili ni la lazima, kwa sababu prosesa na michoro vinagawana RAM hiyohiyo. SSD ya gigabaiti 512 ikamaliza hela. Haikuongezei picha hata moja kwa sekunde, lakini GTA V peke yake inakula zaidi ya gigabaiti 100, na kuisubiri ifunguke kutoka kwenye diski ya zamani ya kuzunguka (HDD) unaweza kwenda kununua maandazi na kurudi. Kibodi na mausi nikampa za dukani.

Mzigo ulitoka Dar kwa basi. Kwa yeyote anayeagizia kutoka Kariakoo: mwambie muuzaji atoe kadi kwenye sloti na kuifunga peke yake. Ni zaidi ya kilomita 800, kuna matuta kila kijiji na kona za Kitonga, na kadi nzito inayoning'inia ndani ya keisi inaweza kuvunja sloti ya mazabodi. Muuzaji mwingine ataona unamsumbua. Msumbue.

Ilipofika nikaifungua mbele ya mwenyewe. Vumbi jekundu limeshikana kwenye mapezi ya hitisinki (chuma cha kupoza prosesa), na ile pesti kati ya hitisinki na prosesa imekauka, inatoka kwa vipande kama rangi ya ukuta wa zamani. Kabla ya kusafisha, prosesa ikipewa kazi nzito ilipanda hadi nyuzi joto 90 na kitu. Baada ya kufuta kwa spiriti na kupaka pesti mpya, tone la ukubwa wa punje ya mchele tu, ilitulia kwenye 60 na kitu. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo feni ileile inasukuma hewa pungufu kuliko Dar, pungufu ya kama asilimia 15. Lakini baridi yetu inalipa deni hilo na chenji inabaki. Mwezi wa Juni au Julai hapa, ukicheza usiku, mashine inakuwa ndiyo hita ya chumba.

Jinsi ya kujua kama vipande vimeelewana hauhitaji mtaalamu. Fungua gemu, cheza sehemu yenye vurugu, halafu angalia kwenye Task Manager ya Windows. Kadi ikiwa asilimia 95 na kuendelea na prosesa ina nafasi, uko vizuri: kitu ulichokilipia ndicho kinachofanya kazi. Kadi ikiwa 50 au 60 huku picha ni chache, prosesa ndiyo inayoibana. Ukitaka uhakika, shusha ukubwa wa picha kutoka Full HD hadi 1280 kwa 720. Picha kwa sekunde zikiongezeka, kadi ndiyo iliyokuwa imechoka. Zikibaki vilevile, hata ukinunua kadi ya milioni tatu hutaona kitu. Kwenye GTA V kadi yetu ilikaa kwenye 97 na kitu, na picha hazikushuka chini ya 60 ila kwenye milipuko. Kwenye Counter-Strike mambo yaligeuka, prosesa ndiyo iliyotoa jasho, ila bado tulivuka 60. Ndiyo mizani yenyewe: haiko sawa kwenye kila gemu, inakaa katikati ya gemu zako.

Mashine nzima na monita vinakula kama wati 150 ikicheza, kwa hiyo saa nne za gemu ni kama yuniti 0.6 ya luku. Yupiesi (UPS, betri ya akiba) ndogo ya kumpa dakika chache za kuzima vizuri umeme ukikatika ningeiweka mbele ya hizo hedifoni.

Kuna jambo moja ambalo mtumba huu haufichi. Prosesa za Intel za kizazi cha sita, kama hizi i5-6500 na i7-6700, hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, na Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Gemu zake tatu zinafunguka leo, lakini baadhi ya gemu za mtandaoni zinadai TPM 2.0 na Secure Boot (kinga za usalama za kompyuta). Valorant kwenye Windows 11 ni mojawapo. Kama gemu lako ni la aina hiyo, anzia kizazi cha nane cha Intel kwenda juu, hata kama itabidi kadi ingoje miezi kadhaa.

Kijana bado anaitaja RX 6600. Bei yake nimempigia hivi: kadi yenyewe, pawa saplai mpya ya wati 450 au 500, na adapta ya waya, kwa sababu plagi ya Dell kwenye mazabodi hii si ile ya pini 24 ya kawaida. Ukijumlisha vyote unakaribia gharama ya kuanza upya kwenye mazabodi ya AM4 (soketi ya prosesa za AMD) yenye Ryzen 5 5600, ambayo kadi hiyo ingekaa nayo kwa amani. Nimemwambia auze hii ikiwa nzima, na mteja wa kwanza ninamjua: mwenzake wa bweni ameshaulizia mara ngapi sijui.