Herufi H iliyopotea Manzese

Ujumbe uliingia dakika chache kabla ya magharibi, wakati macho yalikuwa kwenye tende na masikio kwenye adhana. Ulikuwa wa sauti, wa muuguzi aliyepewa kazi ya kukagua masomo niliyoyasoma kwa sauti na kuyarekodi. "Kaka yangu, habari za mfungo. Hebu fungua somo la tano, dakika ya pili na sekunde 14. Hapo unamwambia muuguzi amlishe mtoto mwenye degedege. Naomba uangalie tafadhali."

Nilifungua maandishi kwanza. Yako wazi: "Mtoto akiwa katika degedege, hatapewa kitu chochote mdomoni." Na nilikumbuka kabisa kwamba nimeisoma hivyo. Nikavaa hedifoni. "Mtoto akiwa katika degedege," nikajisikia nikisema, kituo kidogo, halafu kwa utulivu wote wa mtangazaji wa taarifa ya habari: "atapewa kitu chochote mdomoni."

Adhana iliita nikiwa bado nairudia sentensi hiyo. Nilifungua kwa maji tu.

Ilikuwa Ramadhani ya 2021, masika yamekolea, nami nimepanga chumba Manzese, Dar es Salaam, si mbali na Barabara ya Morogoro. Kazi yenyewe ilikuwa masomo 14 ya wahudumu wa afya, ya kusikilizwa kwenye simu. Mteja alikuwa nje ya nchi, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji, na masharti yake yalikuwa ya namba: kelele ya chumba nikiwa kimya isizidi desibeli −60, vilele vya sauti visivuke −3 (kwa kipimo hicho sifuri ndiyo sauti kubwa kabisa, na kadiri unavyoshuka chini yake ndivyo panavyokuwa kimya). Namba zote nilizitimiza. Ndiyo maana somo la tano lilipita mikononi mwake bila swali.

Sasa nieleze namba hizo nilizipataje, kwa sababu hapo ndipo aibu ilipo.

Chumba kilikuwa mita tatu kwa mita tatu. Tofali za saruji, lipu laini, rangi ya mafuta hadi usawa wa kifua, vigae chini. Ukipiga kofi moja katikati, kuta zinakujibu "trrr" kama mtu anayetikisa bati jembamba. Umbo la mraba ni baya kuliko yote, kwani pande zote zinavuma kwa pamoja. Kwa mita tatu, mmoja wa mivumo hiyo uko kwenye hezi 115 hivi, yaani mitetemo 115 kwa sekunde, na sauti yangu ya kiume huanzia hapo hapo. Kila nikisema "mama", chumba kinasema nami.

Dawa niliyoijua ilikuwa trei za mayai. Kijana wa chipsi wa barabarani alinihifadhia zilizotoka, nikakusanya 46, nikabandika ukuta mzima kwa gundi. Nikapiga picha, nikawatumia marafiki, wakasema studio hiyo. Mende nao waliipenda. Lakini trei ni karatasi nyembamba tu, humeza kiasi cha sauti za juu na kuziacha za chini zipite kama vile hakuna kitu ukutani. Matokeo yake sauti yangu ilipoteza mng'ao na mvumo ukabaki wote. Nilikuwa nimetibu jino lisilouma.

Tena, kwa kuogopa "p" na "b" zisipulize kwenye maiki, niliiweka mbali, sentimita 60 hivi, halafu nikapandisha usikivu wake ili nisikike. Maiki ya kondensa haina adabu, inasikia kila kitu. Panga boi nilizima. Friji ya jirani sikuweza kuizima, wala malori. Kelele ikasimama kwenye −44.

Basi nikaikabidhi kompyuta. Programu ya kuhariria ina kifaa cha kupunguza kelele: unaionyesha kipande cha ukimya, inajifunza kelele ya chumba ikoje, kisha inaipunguza faili zima. Yenyewe ilipendekeza desibeli 12. Mimi niliweka 30. Baada ya hapo nikaongeza geti, ambalo ni kama bawabu: sauti ikiwa ndogo kuliko kiwango ulichoweka, mlango unafungwa, na panabaki kimya cha kaburi. Kati ya sentensi na sentensi kipimo hakikusoma kitu. Nilijiona mhandisi.

Usiku ule baada ya tarawehe nilifungua rekodi mbichi, ile ambayo haijaguswa, nikalivuta neno "hatapewa" hadi likajaa kioo cha laptopu. Ilikuwepo. Kabla ya mlima wa "a" kulikuwa na vinyweleo vifupi, laini, vyenye urefu wa chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Ndiyo H yangu. Nikafungua faili niliyoituma, mahali pale pale: mstari umenyooka kama uzi, kisha mlima.

Ukifikiri, mashine haikukosea. H ni pumzi tu. Haina mlio wa koo, ni hewa inayopita, na hewa inayopita inafanana mno na kelele ya chumba. Nilikuwa nimeiambia kompyuta kwamba kila chenye sura ya upepo ni takataka. Na kwa kuwa palikuwa na mkato kabla ya neno, bawabu alikuwa amefunga mlango. Alipokuja kufungua, H ilishapita na kuondoka, akaipokea "a". Katika lugha nyingine pengine ungepata lafudhi ya ajabu tu. Kwetu pumzi hiyo ndiyo inayotenganisha kupewa na kutopewa. (Najua kuna wanaoandika "apana" na "hasante" kila siku na dunia haijasimama. Lakini wao hawasomei wauguzi.) Muuguzi alikuja kuniambia baadaye kwamba mwanzoni alidhani ni lafudhi ya kwetu, akaona aibu kuuliza.

Nilitafuta "ha" katika masomo yote matano niliyokuwa nimekamilisha. Zilizokatwa nilizikuta tatu zaidi. Nilijaribu kurekodi maneno hayo peke yake na kuyapachika. Yakasikika kama mtu mwingine ameingia chumbani, akasema neno moja, akatoka. Kelele unaweza kuipunguza, mwangwi ukishaingia ndani ya neno hautoki. Na maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo mkia wa kila neno unalikanyaga linalofuata.

Saa sita usiku nikaanza kutembea kwenye korido nikipiga kofi moja moja. Jikoni, hapana. Stoo ya mkaa, hapana. Mlango wa chumba cha mwisho ukafunguliwa.

"Mwanangu, unafukuza mashetani? Ramadhani yamefungwa."

"Shikamoo mama. Natafuta mahali pasipo na mwangwi."

"Marahaba. Hapa utapata joto tu."

Alikuwa mama anayeuza mitumba. Chumba chake cha pili alikigeuza stoo: marobota yamepangwa hadi karibu na dari, kila moja kilo 45, yamefungwa kwa mikanda ya plastiki, na katikati kumebaki njia ya mtu mmoja. Niliingia, nikapiga kofi. Kofi lilikufa mkononi. Nikasema "hatapewa", neno likatoka mdomoni likaanguka chini kama kitambaa kilicholowa. Masikio yakaziba kidogo, kama mtu anayeshuka mlima kwa basi.

Siri ilikuwa unene. Sauti nzito ina mawimbi marefu. Kwenye hezi 115 wimbi moja ni kama mita tatu, na pazia au trei havilisumbui. Robota la mablanketi lenye unene wa zaidi ya nusu mita linalisumbua sana. Nilikuwa nimeishi miezi minane hatua kumi na mbili kutoka studio nzuri kuliko nyingi nilizowahi kulipia.

Mama akakubali kwa sharti moja: nisifungue robota hata moja, kwa sababu la kufunguliwa halina bei.

Nilihamia usiku uliofuata. Nilisimamisha maiki ikitazama njia, mgongo wake ukielekea mlangoni, kwani maiki ya aina hii ni kiziwi kwa nyuma. Nyuma ya kichwa changu mablanketi, kushoto mapazia, kulia taulo. Hanga la waya nililipinda duara, nikalivisha soksi ya nailoni, nikaliweka mbele ya mdomo limeze upepo wa "p" na "b", na maiki nikaisogeza hadi sentimita 15, chini ya shubiri. Kutoka 60 hadi 15 sauti yako inaongezeka desibeli 12 bure, bila kompyuta kugusa kitu, na kelele inabaki pale pale ilipo. Nikashusha usikivu. Ukimya ukasoma −62.

Joto sitalieleza. Nilisoma nimevaa msuli tu, jasho linadondoka kwenye karatasi, na harufu ile ya mitumba imekaa kooni. Muda wangu ulikuwa kuanzia saa saba, malori yakipungua, hadi saa tisa na nusu, vijana wa ngoma ya daku wanapoanza kupita. Usiku wa pili mvua ilishuka juu ya bati katikati ya somo la tatu. Kwa bati hakuna robota wala programu. Nilikaa juu ya taulo za watu wa Ulaya nikasubiri dakika 50.

Uhariri uliobaki ulikuwa mdogo mno kiasi cha kunitia wasiwasi. Nilikata vyote vilivyo chini ya hezi 80, kwa sababu ya ngurumo za barabarani. Kompresa, yaani kifaa cha kubana sauti kubwa, ya tatu kwa moja, ili maneno madogo yasizame. Nikapandisha sauti hadi kiwango, basi. Geti sikuligusa. Pumzi zangu zinasikika kati ya sentensi, na mteja aliuliza kama zinaweza kuondolewa. Nikajibu hapana, nikamweleza kuhusu H kwa Kiingereza changu kirefu. Alijibu kwa neno moja la kukubali.

Muuguzi yeye alituma ujumbe saa kumi alfajiri, akiwa zamu ya usiku. "Ha-ta-pe-wa. Nimeipata, kaka. Sasa somo la nne, umesema 'mililita' kama mtu wa Tanga." Mimi ni mtu wa Tanga.

Nilirudia masomo yote kuanzia la kwanza. Nilipofika la 13 Ramadhani ilikuwa inaisha, na mitumba ya sikukuu inatoka kwa kasi. Nikaingia usiku mmoja nikakuta nyuma ya kichwa changu ni patupu, ukuta mweupe unanitazama.

"Mablanketi yamekwenda Morogoro," mama alisema, akinipa uji wa daku. "Simama kwenye jinzi."

Somo la 14 nililisoma nimeegemea suruali za jinzi. Hakuna aliyewahi kulalamika, lakini nikilisikiliza leo najua: sauti imekaza kidogo, na kwenye dakika ya sita, kwa mbali sana, kuna ngoma.