Kumbe ni boya!

Leo nimeshinda na kabureta mbili (vile vifaa vya kuchanganya petroli na hewa) za pikipiki kuukuu ninayoifufua. Silinda ya kushoto iligoma: bomba lake la moshi unalishika kwa mkono, la kulia linaunguza. Plagi nikaikuta nyeusi tii, imelowa petroli. Nikavamia skrubu ya hewa, ile ya kurekebisha mchanganyiko, zungusha huku, zungusha kule, wapi! Kumbe boya, kile kidude kinachoelea ndani ya kabureta na kufunga petroli ikitosha, limetoboka, likazama, petroli ikafurika. Ukilitikisa, mafuta yanacheza ndani. (Saa tatu zangu hizo, nani atanirudishia?) Nikalikausha kabisa, nikaliziba kwa lehemu. Skrubu nikaifunga taratibu mpaka mwisho, nikairudisha mzunguko mmoja na nusu, injini ilipopata moto nikaimalizia kwa sikio. Sasa inanguruma polepole, haizimi. Kuzioanisha kabureta zote mbili zifanye kazi sawa, kesho.